Upandikizaji wa figo: Uamuzi si wa mgonjwa peke yake

MGONJWA ambaye figo zake zimefeli hupata matumaini mapya daktari anapomtajia upandikizaji. Baada ya miezi mingi ya kusafishwa damu kwa mashine, mara mbili au tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara, si ajabu jamaa wakaitisha harambee kabla ya kuuliza maswali.

Swali la kwanza ni la maisha baada ya upasuaji. Mwili huitambua figo mpya kuwa ni mgeni na hutaka kuifukuza. Hivyo basi mgonjwa hulazimika kumeza dawa za kupunguza kinga kila siku, maadamu figo hiyo ingali inafanya kazi. Dawa hizo hurahisisha maambukizi, na baadhi yazo zaweza kuleta kisukari. Anayeziacha kwa kukosa pesa huenda akaipoteza figo aliyopewa na nduguye. Familia inayochangisha gharama ya upasuaji pekee imepiga nusu ya hesabu.

Hata hivyo, kwa anayeweza kuhimili upasuaji, upandikizaji kwa kawaida humpa maisha marefu na uhuru zaidi kuliko mashine. Mwenye saratani isiyotibiwa au moyo dhaifu mno huenda akashauriwa abaki na mashine.

Anayesahaulika ni mtoaji. Upandikizaji wa kwanza kufaulu ulifanyika Boston, Marekani, Desemba 1954, Ronald Herrick alipompa figo pacha wake, Richard. Richard aliishi miaka minane zaidi. Ronald, akiwa na figo moja, aliishi hadi 2010.

Lakini Ronald alikubali mwenyewe. Humu nchini, ambako figo hutolewa hasa na jamaa walio hai, ni nani atamuuliza kitinda mimba asiye na kazi iwapo kweli ameridhia, ilhali wazee wa ukoo wamekwisha kumteua? Sheria ya Afya ya 2017 inaharamisha uuzaji wa viungo, na Aprili 2025 serikali ilisimamisha upandikizaji katika hospitali moja mjini Eldoret kufuatia madai ya biashara hiyo. Shinikizo la nyumbani, ambalo halina risiti, ni vigumu zaidi kulichunguza.

Mtoaji anastahili kuzungumza na daktari faraghani, na ana haki ya kubadili nia hata siku ya upasuaji. Akikataa, daktari anaweza kuiambia familia kwamba hafai kutoa figo, bila kueleza zaidi.