Tausi wa Ituri hakugunduliwa: alikuwa na wenyewe

Kila mara habari za ndege wa pori zinapofika kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, iwe Bunia, Komanda ao Mambasa, jibu ni lile lile: hayo ni mambo ya wazungu na watalii. Mtu aliyekimbia kijiji chake usiku, anayekula mara moja kwa siku chini ya hema, ana haja gani na hondohondo?

Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu la kweli. Ujuzi wa ndege wa pori la Ituri ni mali ya watu wa Ituri. Mali hiyo imechukuliwa bure kwa zaidi ya miaka mia moja, na sasa vita vinaimalizia.

Wasikilizaji wakumbuke kisa cha tausi. Mwaka wa 1909, jumba la makumbusho la New York lilituma Herbert Lang na James Chapin kuchunguza wanyama wa Congo. Walikaa hadi mwaka wa 1915. Mwaka wa 1913, huko Avakubi, kando ya mto Ituri, Chapin alipata unyoya kwenye kofia ya mwenyeji. Hakujua ni wa ndege gani, akauhifadhi. Mwaka wa 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, aliona ndege wawili waliokaushwa, wamewekwa kando, wameandikwa kuwa tausi wachanga wa kutoka India. Hapo akautambua unyoya wake. Mwaka ule ule ndege huyo akapewa jina la kisayansi, Afropavo congensis, na dunia ikatangaziwa kwamba tausi wa Afrika amegunduliwa.

Amegunduliwa na nani? Unyoya ule haukuota kwenye kofia. Miaka 23 kabla ya wataalamu kumpa jina, ndege huyo alikuwa tayari na watu waliojua anakolala na anakokula. Chapin alifanya kazi kubwa. Mabuku yake manne juu ya ndege wa Congo yanatumiwa hadi leo. Lakini vitabu vinavyosimulia kisa hicho vinamtaja mwenye kofia kwa neno moja tu: mwenyeji. Hana jina, wala hakuna anayeuliza kama alikuwa nalo.

Kuna anayesema hayo ni ya zamani za ukoloni. Atazame basi namna kazi inavyofanyika leo. Katika pori zito kama la Ituri, ndege huhesabiwa kwa masikio kuliko kwa macho. Mchunguzi husimama alfajiri mahali pamoja kwa dakika chache, anaandika kila sauti anayoisikia, kisha anasogea mbele. Asiyejua sauti hawezi kuandika kitu. Na ni nani anayezijua kuliko Wambuti, Waefe na wawindaji wa vijiji vya barabarani? Wao wanajua ndege wanaofuata msafara wa siafu ili kula wadudu wanaokimbia. Wanajua kwamba hondohondo jike hujifungia ndani ya tundu la mti wakati wa kutaga, na dume humletea chakula kupitia upenyo mdogo. Wanajua pia kwamba hondohondo akila matunda hutupa mbegu mbali, na pale panaota miti mipya. Mtu mwenye ujuzi huo huandikwa kama mbeba mizigo na hulipwa kama mbeba mizigo. Hilo ni kosa, na halina jina lingine.

Hasara yake inaonekana wazi ng'ambo ya mto Semliki. Uganda ina mbuga ndogo ya Semuliki, ambayo ni kipande cha mwisho cha pori hili hili la Ituri. Watalii hutoka mbali kwenda pale kuona ndege wa pori la Congo, na vijana wa pale hulipwa kuwaonyesha. Congo ina aina zaidi ya 1,100 za ndege. Virunga peke yake, mbuga iliyoundwa mwaka wa 1925, ina zaidi ya 700. Hifadhi ya Okapi iko kwenye urithi wa dunia tangu mwaka wa 1996, na kwenye orodha ya urithi ulio hatarini tangu 1997. Kwa hiyo jirani anauza kipande, na mwenye shamba lote anangoja unga wa msaada.

Kwa kasuku ni mbaya zaidi. Tangu mwaka wa 2017, biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini imekatazwa. Katazo ni jema. Lakini kijana anayepanda mti na ulimbo anajua kila mahali kasuku wanapokutana, kuliko ofisi yoyote. Kumfukuza bila kumpa kazi ya kuwahesabu na kuwalinda ni kumrudisha kwa mfanyabiashara.

Wengine watasema: kwanza amani, ndege baadaye. Amani ni ya kwanza, hakuna anayebisha. Lakini ujuzi haungoji. Mzee anayefia kambini anaondoka na sauti zake zote, na mtoto aliyezaliwa chini ya hema hazijui hata moja. Siku ya kurudi, ramani zitachorwa na mipaka itajadiliwa, huku wachimba dhahabu wakiwa wamekwisha kuingia. Atakayesikilizwa ni yule anayeweza kusema pori lile lina nini na liko wapi. Corneille Ewango, mtaalamu wa mimea, alilielewa jambo hilo: wakati wa vita alibaki Epulu, akaficha mimea iliyokaushwa na maandishi ya miaka mingi, akajificha porini miezi mitatu. Mwaka wa 2005 alipewa tuzo ya Goldman. Ni Mkongomani aliyeokoa kazi ile.

Basi mashirika, wachunguzi na wakubwa wa hifadhi waambiwe bila woga. Anayetambua sauti alipwe kama fundi, na jina lake liandikwe kwenye ripoti, likitanguliwa na neno mtaalamu. Ripoti isomwe redioni kwa Kiswahili kabla ya kupelekwa Ulaya. Na wazee walioko kambini wasingoje ruhusa ya mtu: wakusanye watoto jioni, wawafundishe majina ya ndege kwa lugha ya nyumbani, na sauti zao. Kazi hiyo haihitaji darubini wala bajeti. Inahitaji kuanza kabla mzee mwingine hajazikwa.