Tuwafundishe Vijana Wetu Maneno ya Fedha



Muhula unapofunguliwa, hosteli za Wandegeya, Kikoni na Banda jijini Kampala hujaa vijana wetu. Kwa wengi wao ndiyo mara ya kwanza kushika fedha na kujipangia wenyewe: kodi ya chumba, nauli ya boda boda, chakula, vitabu. Wazazi wamejinyima mengi ili fedha hizo zipatikane. Je, kijana alipokuwa akifunga mizigo, kuna aliyekaa naye akamweleza maana ya bajeti, riba na dhamana?

Maneno haya si ya wachumi peke yao. Ni yetu sote tunaonunua, tunaokopa na tunaoweka akiba. Hebu tuyapitie pamoja.

Bajeti ni mpango wa fedha unaoandikwa kabla fedha haijatumika. Upande mmoja ni mapato, yaani kinachoingia. Upande wa pili ni matumizi. Mwanafunzi aliyetumiwa shilingi 300,000 za mwezi atenge kwanza chakula na nauli, aweke akiba hata kama ni kidogo, ndipo afikirie mengine. Makato nayo yaingizwe humo. Anayetoa fedha kwa wakala wa simu hulipa ada ya kutolea, na juu yake kodi ya serikali ya asilimia 0.5. Kwa shilingi 100,000, kodi hiyo peke yake ni shilingi 500. Kijana wako anajua hayo?

Riba ni bei ya kutumia fedha za mwingine. Anayetajiwa riba aulize maswali mawili: ni asilimia ngapi, na kwa muda gani? Asilimia 9 inasikika ndogo kuliko asilimia 20. Lakini ikiwa ile 9 ni ya mwezi na hii 20 ni ya mwaka, tupige hesabu. Tisa mara 12 ni 108. Aliyekopa shilingi 100,000 akalipa riba hiyo kila mwezi kwa mwaka mzima, atakuwa ametoa shilingi 108,000, na deni lenyewe bado liko palepale. Ndiyo maana wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Dhamana ni mali anayoweka mkopaji ili mkopeshaji awe na uhakika wa kulipwa. Hapa kuna jambo ambalo kila mwanafunzi wa Kampala anapaswa kulijua. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inayosimamia wakopeshaji binafsi inawakataza kushika kitambulisho cha taifa, pasipoti au kadi ya benki kuwa dhamana. Akiombwa vitu hivyo, kijana ana haki ya kukataa kwa heshima na kuondoka.

Akiba nayo ina makao mengi: benki, sacco (vyama vya akiba na mikopo), vikundi vya mtaani. Fedha zilizowekwa benki zina kinga. Benki ikifungwa, Mfuko wa Ulinzi wa Amana humlipa kila mteja hadi shilingi milioni 10. Na kijana akipata ajira rasmi, akiba ya uzeeni huanza kujengwa kupitia Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF): asilimia 5 kutoka kwenye mshahara wake, na asilimia 10 kutoka kwa mwajiri.

Sasa, kila mmoja wetu afanye nini?

Mzazi, wakati wa chakula cha jioni, mwonyeshe mwanao bajeti ya nyumba. Usione haya akijua mapato ni madogo, atajifunza kuyaheshimu. Mama unayechanga katika kikundi cha nigiina, kile cha akina mama cha kuchangiana kwa zamu, mweleze jinsi mnavyotunza ahadi ya kuchanga hata wiki ambayo mambo yanabana. Hilo ni somo kubwa.

Mwalimu, chukua dakika chache za kipindi cha hesabu mkokotoe riba ya mkopo wa kweli. Wakala, mteja kijana akikuuliza makato, mtajie kwa upole. Mwajiri, siku unapompa kijana hati yake ya kwanza ya mshahara, mpitishe mstari kwa mstari.

Nanyi wanafunzi, ulizaneni ninyi kwa ninyi. Mwenye kuelewa amweleze mwenzake wa chumba. Kabla ya kutia saini au kubonyeza namba ya siri kukubali mkopo, jaribu kumweleza rafiki: nitapokea kiasi gani, nitarudisha kiasi gani, lini, na nikichelewa itakuwaje?

Ukiweza kuyaeleza yote manne kwa maneno yako mwenyewe, amua. Usipoweza, subiri hadi kesho, uulize nyumbani. Mkopo wenye haki kwako leo utakuwa na haki kesho pia.