Ua la Mlima Kahuzi na moto wa mbabula: vinahusiana namna gani?

Kwenye kilele cha Mlima Kahuzi, mita 3.308, kuko mmea ambao wataalamu waliupa jina la mlima wenyewe: Senecio kahuzicus. Uko na shina nene, majani makubwa yaliyokusanyika kwenye ncha kama shu, na maua ya manjano. UNESCO, katika maelezo yake juu ya mbuga ya Kahuzi-Biega, inautaja kuwa mmea wa pale tu. Jamaa zake wako kwenye milima ya Virunga na Ruwenzori.

Mtu wa Walikale anaweza kuuliza: Kahuzi iko Kivu Kusini, sisi inatuhusu nini? Inawahusu. Mbuga ilianzishwa mwaka 1970 kwa hekta 60.000 za milimani. Mwaka 1975 ilipanuliwa mpaka hekta 600.000, na sehemu ya pori lililoongezwa iko Walikale. Kati ya milima na bonde kuko kanda moja nyembamba tu, na hapo mashamba na ng'ombe vimeshaingia. Tangu 1997 mbuga iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Mmea huu unaishi penye baridi. Joto likiongezeka, mimea ya chini inaweza kupanda juu kidogo kidogo. Lakini huu uko tayari kileleni, hauna pa kupanda tena. Jamaa zake wa Mikeno wangali na nafasi, kwani mlima ule unapita mita 4.400.

Moto na shoka vinaharakisha hatari hiyo. Wakaaji wa Masisi wanajua pori linavyoisha: vilima vingi ambavyo leo ni malisho vilikuwa miti. Goma na Bukavu, familia nyingi zinapika kwa makala. Vita nayo imezidisha mambo. Mwaka 2025 M23 iliingia Masisi-centre na Goma mwezi wa kwanza, Bukavu mwezi wa pili, Walikale-centre mwezi wa tatu kabla ya kuondoka. Wakati kama huo mlinzi wa mbuga anafanya kazi kwa shida, na mkimbizi bila shamba anatafuta cha kuuza.

Kuko pia deni la zamani. Batwa walifukuzwa katika pori la Kahuzi miaka ya 1970. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki zao. Pori likilindwa kwa kuwafukuza wenyeji wake, nani kijijini atalitetea?

Kwa hiyo kazi haianzii kileleni. Inaanzia kwa amani, kwa haki ya Batwa, kwa miti ya kuni inayopandwa karibu na vijiji, na kwa mbabula inayokula makala kidogo. Bila hayo, kukataza tu hakutoshi: mama ambaye watoto wanangojea chakula atanunua makala ile iliyoko sokoni, bila kuuliza imetoka mlima gani.