Inaaminiwa na Nani?

Sisi walimu wa sarufi hulaumiwa kwamba tunawapotezea wanafunzi wakati kwa kauli za vitenzi ilhali dunia ina matatizo mazito zaidi. Wanaotulaumu nawaomba waitazame sentensi moja iliyoidhinishwa na serikali ya Marekani mwaka 1995.

Sentensi hiyo ilikuwa katika maelezo rasmi ya OxyContin, tembe za kutuliza maumivu za kampuni ya Purdue Pharma. Zina oksikodoni, dawa ya jamii moja na mofini na heroini. Ilidai kuwa, kwa vile tembe huachilia dawa mwilini polepole, inaaminiwa kwamba uwezekano wa kutumiwa vibaya hupungua. Inaaminiwa na nani? Kauli ni ya kutendwa, na mtendaji hayumo. (Mfasiri mzembe angeandika "inaaminika", na hadaa ingezidi kunoga, kwani neno hilo pia humaanisha kitu cha kutegemewa.) Utafiti wa kuthibitisha dai hilo haukuwepo. Waliotaka kulewa walizisaga au kuzitafuna, na ule upolepole ukatoweka. Sentensi ilifutwa mwaka 2001, lakini madaktari walikuwa wamekwisha kuwaandikia tembe hizo hata wenye maumivu ya kawaida ya mgongo. Mwaka 2007 kampuni mshirika, Purdue Frederick, ilikiri mahakamani kwamba umma ulipotoshwa.

Dawa za jamii hii hupunguza kasi ya kupumua, na mwili ukizizoea hudai kipimo kikubwa zaidi. Zikichanganywa na dawa za wasiwasi au usingizi, kama diazepamu, pumzi yaweza kukatika kabisa. Onyo kali kuhusu mchanganyiko huo liliagizwa Marekani mwaka 2016. Aidha, aliyezoea diazepamu akiiacha ghafla aweza kushikwa na kifafa.

Sisemi mofini ipigwe marufuku. Kumnyima mgonjwa wa saratani mofini ni ukatili.

Hapa Kenya lugha hutuhadaa kwa njia nyingine. Vijana huziita tembe za Rohypnol "bugizi", na dawa anayotiliwa mlevi kinywajini ili aibiwe huitwa "mchele", kana kwamba ni chakula cha jioni. Kwa upande mwingine, kikaratasi cha onyo hukunjwa ndani ya pakiti kwa Kiingereza ambacho nyanya yangu asingekielewa. Mwalimu akipate kimoja, akipeleke darasani, na wanafunzi wapigie mstari kila kitenzi kisicho na mtendaji.