Mfumo au Orodha? Herufi ya Kikorea katika Kompyuta

Imekuwa desturi kuliona suala la kuingiza maandishi katika kompyuta kuwa ni la mafundi peke yao. Historia ya maandishi ya Kikorea yaonyesha kwamba desturi hiyo ina kasoro. Kila herufi inapopewa namba, hutolewa pia uamuzi kuhusu herufi ni nini. Na uamuzi huo ni wa kiisimu.

Maandishi hayo, yaitwayo Hangul, yalibuniwa na Mfalme Sejong mwaka 1443 na kutangazwa mwaka 1446. Leo yana herufi za msingi 24: konsonanti 14 na irabu 10. Herufi hizo hazifuatani katika mstari, bali hukusanywa katika umbo moja la silabi: h, a na n huunda 한, yaani han. Zikihesabiwa pamoja na herufi ambatani, konsonanti za mwanzo ni 19, irabu ni 21 na miisho ni 27. Kwa kuwa silabi yaweza pia kukosa mwisho, jumla ya silabi zinazowezekana ni 11,172.

Mwaka 1987 kiwango cha taifa cha Korea Kusini, KS C 5601, kiliichukua silabi nzima kuwa kipashio, lakini kikaorodhesha silabi 2,350 tu. Silabi kama 똠, yaani ttom, iliachwa nje, ingawa Mkorea yeyote ajuaye kusoma aliweza kuiandika kwa kalamu. Yaweza kudaiwa kwamba nafasi ilikuwa finyu, kwani jedwali lilikuwa na nafasi 8,836, na 4,888 kati yake zilipewa herufi za Kichina. Dai hilo lina uzito, lakini halitoshi. Ulikuwapo mfumo mwingine, johab, ambao kwa baiti mbili zilezile uliipa kila sehemu ya silabi biti 5, na hivyo kuziandika silabi zote. Kasoro yake ilikuwa kutolingana na kanuni za kimataifa za kupanga majedwali. Kwa hiyo lugha ndiyo iliyopunguzwa ili jedwali litimie.

Mwaka 1996 toleo la 2.0 la Unicode, mfumo wa kimataifa wa kuzipa herufi namba, lilizikubali silabi zote 11,172, kwa mpangilio unaowezesha namba ya silabi kukokotolewa kutokana na herufi zake. Gharama haikuwa ndogo: silabi 6,656 zilizokwisha kupewa namba katika toleo la 1993 zilihamishwa. Tangu hapo imekuwa kanuni kwamba herufi iliyokwisha kupewa namba haihamishwi.

Aidha, Unicode ina namba za herufi mojamoja. Herufi ㄱ ina namba 1100 mwanzoni mwa silabi, 11A8 mwishoni, na 3131 inaposimama peke yake. Msomaji wa miswada ya kale ya tenzi za Kiswahili atashangaa, kwani katika mfumo huohuo herufi be ya Kiarabu ina namba moja ya msingi, japo umbo lake hubadilika kulingana na mahali ilipo. Tena Sejong mwenyewe aliagiza kwamba miishoni zitumike herufi zilezile za mwanzo. Hata hivyo, mgawanyo huo una faida. Katika maandiko ya karne ya 15 silabi iliweza kuanza kwa konsonanti mbili au tatu, na pasipo kuonyesha mahali pa herufi, mpaka wa silabi ungetatiza. Hali kadhalika, irabu iitwayo arae-a, iliyoondolewa katika tahajia ya 1933, haimo kabisa katika zile silabi 11,172. Huandikwa kwa kuunganisha herufi zake tu. Mwaka 2009 toleo la 5.2 liliongeza herufi nyingine za kale kwa njia hiyohiyo.

Ni dhahiri, basi, kwamba orodha, hata iwe ndefu kiasi gani, huhifadhi yale tu ambayo mtungaji wake aliyakumbuka. Mfumo wa herufi huhifadhi hata yale ambayo hayajaandikwa bado. Mwanaisimu asipokuwapo jedwali linapopangwa, ataitwa baadaye kueleza kwa nini maandiko ya kale hayaandikiki.