Mbona TV ndogo zimejaa waganga? Cheki bili ya mawimbi

Wasee wa Kitale na Bungoma, kufungua TV si kamera na mtangazaji msupa tu. Tangu analogi izimwe 2015, stesheni nyingi hazijirushii mawimbi; zinalipa Signet ya KBC ama PANG ya Wachina. Bili ni kila mwezi, matangazo yawepo yasiwepo.

Citizen, NTV na KTN walikataa kubebwa hivyo. Screen zikakaa giza karibu wiki tatu, kisha wakarudi na mtambo wao, ADN. Wako na misuli.

Sasa stesheni ya mtaani, yenye tangazo moja la hardware, itatoa doh wapi? Inauzia nabii na mganga masaa. Vijana wengi wameamua heri YouTube, huko bando unanunua wewe mtazamaji.