Mbolea Shambani, Maji Kisimani

Mvua za Novemba zinapokaribia, wakulima wa Kasulu na Kibondo hutayarisha mashamba ya mahindi na maharage. Tangu msimu wa 2022/23 Serikali imetoa ruzuku ya mbolea. Ni neema, na neema ina adabu zake.

Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Katika udongo wenye unyevu, bakteria huigeuza kuwa naitreti, ambayo ni chakula cha mmea. Lakini naitreti huyeyuka upesi, na udongo hauwezi kuishika. Ikiwekwa yote wakati wa kupanda, mche mchanga hula kidogo tu, na mvua huishusha iliyobaki kuelekea visimani. Samadi iliyorundikwa kando ya kisima huleta madhara yaleyale.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita ya maji ya kunywa. Aliye hatarini zaidi ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo: damu yake hushindwa kubeba oksijeni, midomo ikageuka buluu. Kuchemsha maji hakuiondoi naitreti.

Basi mbolea ya kukuzia igawanywe mara mbili: mahindi yafikapo magotini, kisha kabla ya kutoa mbelewele. Ifukiwe, na ipunguzwe palipotangulia maharage. Samadi ikae mbali na kisima. Israfu imekatazwa, na jirani anywaye kisima hicho ana haki juu yetu.

Wallahu a'lam.